Mzani wa Mwaloni

Jumatatu mzani wa ghala la tatu ulikutwa kifudifudi,
shingo kando, mawe yake yametumbukia kwenye dagaa.
Mwenyekiti wa soko akanitupia daftari:
"Nyamizi, andika. Una mwandiko, na humu huna ndugu."

Nikakalia gunia. Nikaanza na Mama Nyangeta.
Mzani ulivunjwa lini?
— Mzani ulivunjwa alfajiri.
Masalu mpagazi, magamba ya sangara mpaka kwenye kope:
Mzani ulivunjwa lini?
— Mzani ulivunjwa, dada, kabla sijafika.
Mlinzi, akitazama viatu vyangu:
— Ulivunjwa. Ulivunjwa nilipokwenda haja.

Watu kumi na mmoja, na ubao mmoja wa kushukia botini:
palepale nilipokanyaga, nao wakakanyaga,
mguu uleule, mikono wameitanua vilevile.
Korongo juu ya bati alitusikiliza
na mfuko wake wa shingo ukining'inia, mtupu.

Usiku, kwa taa ya simu, nikasoma.
Ndipo nikakiona, kijiherufi,
w,
kimechutama kati ya j na a,
kama mtu aliyejifunika tenga akingoja mgambo wapite.
Mtendaji hayumo. Kila mstari una mzani, una saa, una machozi,
mtu hamna.
Nani alikileta humo? Mimi.
Niliwaazima neno, wakanirudishia neno
pamoja na kamba niliyolifungia.

Jumanne nikabadili kitu kimoja tu.
Mzani uliharibiwa saa ngapi?
Masalu akajikuna. Akatazama maji.
— Mimi nilisikia chuma... kililia, halafu kimya.
Mama Nyangeta: — Kuharibiwa? Sijui. Kuna mtu alikuwa anakohoa.
Neno lilipokuwa jingine, vinywa vililegea,
kila mmoja akashuka kwa mguu wake.

Ningeishia hapo. Sikuishia.
Jumatano nikaona nimekuwa mjanja. Nikamwita Lubango, mtoto wa mapanki:
Nani aliuvunja?
— Bugumba aliuvunja.
Nani aliuvunja, Mama Nyangeta?
— Bugumba aliuvunja.
Hata mlinzi, yule wa haja:
— Bugumba aliuvunja, mimi nilijua tangu zamani.
Bugumba yuko Ukara tangu Jumamosi, anamzika shangazi yake,
tiketi ya kivuko anayo, imelowa, inasomeka.

Alhamisi akaja Kabula, binti wa kuchomelea,
miwani myeusi juu ya kilemba.
Hakuulizwa kitu. Alipitisha kidole shingoni mwa chuma,
kidole kikatoka chekundu.
"Kutu," akasema. "Umevunjika."

Umevunjika.
Siku nne, watu kumi na mmoja,
na hilo halikumjia yeyote ulimini,
kwa kuwa sikuwa nimemwazima mtu.

Nimepanda Mabatini na daftari kwapani,
mawe yangali na joto la mchana.
Bombani foleni, na jirani mpya, mwema, ana haraka ya kunijua:
"Samahani mwenzangu, uliachwa lini?"

Miaka mitano nimekuwa nikijibu:
niliachwa mwaka wa mvua nyingi.
Niliachwa mtoto akiwa hajaota meno.
Niliachwa, nimewaambia wauza mkaa, nimemwambia mchungaji,
nimemwambia mama kwenye simu, mtandao ukikatika.
Na begi lilikuwa langu.
Na ufunguo niliuweka mwenyewe dirishani, pembeni ya sabuni,
nikarudi kuunyoosha ukae vizuri.

Au labda tuliachana. Kuna na hiyo.
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Ndoo ikajaa, ikamwagika miguuni, sikuiondoa.
"Uliachwa lini?" akarudia, akidhani sikusikia.

Nikapekua kinywa kizima
nikitafuta kitenzi ambacho hakijapita kwake.

"Mimi," nikasema, "nilihama."